Ushahidi Usio na Mahakama

Chini ya usukani, karibu na goti la dereva, magari mengi yanayotembea leo yana tundu la plastiki ambalo wenyewe hawajawahi kuliinamia. Umbo lake ni la trapeza, upande mmoja mrefu na wa pili mfupi, ili anayechomeka asiweze kugeuza. Ndani mna nafasi 16 za pini, nane juu na nane chini. Pini ya 16 huleta umeme wa betri hata swichi ikiwa imezimwa; ya 4 na ya 5 ni ethi; ya 6 na ya 14, katika magari ya miaka ya karibuni, ndizo njia zinazopitisha mazungumzo ya kompyuta za gari. Tundu hili halikufichwa nyuma ya skrubu. Sheria iliyolizaa ilitaka mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva aweze kulifikia kwa mkono.

Kabla ya kuuliza linatumikaje, inafaa kuuliza liliwekwa kwa ajili ya nani. Mwenye gari hudhani ni lake, na fundi hudhani ni lake. Kumbe liliwekwa kwa ajili ya mpita njia: mtu asiye na gari, anayesubiri daladala kando ya barabara, ambaye hana njia nyingine ya kujua ekzosi inayompita inamtemea nini.

Habari yenyewe inaanzia Los Angeles. Mwezi Julai 1943 wakazi wa jiji hilo walipatwa na hewa iliyochoma macho na koo kiasi kwamba wapo waliodhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi, maana vita vilikuwa vimepamba moto. Miaka michache baadaye mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akichunguza ladha ya mananasi katika chuo cha Caltech, aliacha mananasi akaichunguza hewa ya mjini. Aliyoyakuta hayakuwafurahisha watengenezaji wa magari wala wauza mafuta. Petroli isiyoungua vizuri, pamoja na oksidi za nitrojeni zitokazo kwenye ekzosi, zilikuwa zikipigwa na jua na kugeuka ozoni na ukungu mchungu. California ilipounda bodi yake ya hewa kwa sheria ya mwaka 1967, Haagen-Smit ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Magari ya Marekani ya mwaka 1975 yakaanza kuja na masega: kopo la chuma lililounganishwa kwenye ekzosi, ambalo ndani yake mna vijitundu vingi vyembamba vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu, ili gesi zenye sumu zibadilishwe kabla hazijatoka nje. Lakini masega yana masharti. Ili yaweze kushughulikia kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni kwa pamoja, injini inatakiwa ichanganye hewa na petroli kwa uwiano wa karibu 14.7 kwa 1 kwa uzito, isizidi wala kupungua sana. Kabureta haikuiweza nidhamu hiyo. Ikaja sensa ya oksijeni, iliyotengenezwa na Bosch na kuwekwa kwanza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, na ikahitaji kompyuta ya kuisoma na kupima petroli papo hapo. Kwa kiasi kikubwa, basi, kontrol boksi tunayoiogopa leo iliingia kwenye gari ikiufuata moshi.

Hatua iliyobaki ilijileta yenyewe. Ikiwa gari lina sensa na lina kompyuta, basi lijichunguze, na likiona limeanza kuchafua hewa kupita kiasi liwashe taa na kuweka kumbukumbu. California ilianza kudai jambo hilo kwa magari ya mwaka 1988. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani nzima ikadai tundu la aina moja na misimbo ya aina moja kwa makampuni yote. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Kisha magari yakazeeka na kupanda meli. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani. Yaliyoshuka Dar es Salaam na Mombasa yalishuka na masega yake, sensa zake, taa yake na tundu lake. Mkaguzi wa kulisoma tundu hilo hakupanda meli.

Mimi nilianza kusoma gari nyumbani kwa sababu ndogo kuliko hizo: nilichoka kulipia kupimiwa. Wakati wa gari langu la kwanza nililipeleka gereji, kijana akachomeka mashine, akatazama kioo kwa sekunde chache, akakunja uso, kisha akataja spea. Kilichoandikwa kwenye kioo sikukiona. Nililipia kipimo, nikalipia spea, na baada ya muda taa ikarudi palepale. Aliyenifanyia hivyo huenda hakuwa mwizi. Tatizo ni kwamba sikuwa na namna ya kumtofautisha na mwizi.

Adapta ya kuunganisha laptopu na gari inapatikana Kariakoo, kwenye maduka yaleyale yanayouza chaja na kava za simu. Inaenea kiganjani, na nyingi zimeandikwa ELM327. Hilo ni jina la chipu iliyotolewa mwaka 2005 na kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics. Toleo lake la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa. Likanakiliwa, na nakala zikaenea dunia nzima. Nyingi hujitambulisha kuwa toleo la 1.5, toleo ambalo kampuni yenyewe haikuwahi kulitoa. Kampuni ilifunga shughuli zake mwaka 2022, nakala zinaendelea kuuzwa. Nalikumbuka jambo hili kila ninapochomeka: chombo ninachokitumia kulidai gari ukweli huanza kwa kudanganya jina lake.

Ya Bluetooth inatosha kwa simu. Kwa laptopu napendelea ya waya wa USB, haikatiki katikati ya mazungumzo. Zipo programu zinazochora saa na mishale ya rangi, na Toyota wana ya kwao, Techstream, inayokwenda mbali zaidi ya misimbo ya kawaida. Kwa anayetaka kuelewa, nashauri aanze na dirisha tupu linalosubiri aandike. Ukiandika ATZ, adapta inajiwasha upya na kutaja jina lake hilo. Amri zinazoanza na AT hazikuzaliwa gereji; zilibuniwa kwa ajili ya modemu ya simu ya kampuni ya Hayes mwaka 1981, zikarithiwa na vifaa vingi vilivyofuata. Ukiandika ATSP0, unaiambia adapta itafute yenyewe lugha ya gari lililo mbele yake. Piga stata, subiri injini itulie, kisha andika 010C. Gari litajibu kitu kama hiki: 41 0C 0B B8.

Namba hizo ni za msingi wa 16, ambamo herufi A hadi F husimama badala ya 10 hadi 15. Sehemu mbili za mwanzo ni gari kurudia swali. Jibu lenyewe ni 0B na B8, yaani 11 na 184. Zidisha 11 kwa 256, jumlisha 184, unapata 3,000. Gawanya kwa 4, unapata 750. Injini inazunguka mara 750 kwa dakika. Uliza 0105, na likijibu 41 05 7D, chukua 7D, ambayo ni 125, toa 40: maji ya injini yana nyuzi 85 za Selsiasi. Hiyo 40 inatolewa ili baridi ya chini ya sifuri nayo iweze kuandikwa. Waliopanga hesabu hiyo walizifikiria nchi ambazo gari huamkia kwenye barafu. La kwangu Dar es Salaam halijawahi kuikaribia sifuri.

Programu za rangi hufanya hesabu hii mara nyingi bila kukuchosha. Kuifanya mara moja kwa kalamu kuna faida yake: unagundua kwamba gari halijui neno "bovu". Linajua volti, joto, mizunguko na uwiano, na linajua mipaka ambayo mhandisi fulani aliiandika. Ukivukwa mmoja, linaandika msimbo.

Si kila gari litakubali kuzungumza. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yana tundu la umbo lilelile lakini kompyuta yake inazungumza lugha ya kiwandani. Adapta hutafuta, hutafuta, kisha hukiri kwamba imeshindwa. Hata namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 17, ambayo gari lililouzwa Marekani huitaja likiulizwa, magari hayo hayana. Yana namba fupi ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi. Sheria iliyodai lugha moja haikuwa ya Japani. Kwa Toyota za zamani zaidi, fundi mzee hahitaji hata laptopu. Chini ya boneti mna kiboksi chenye kifuniko. Anaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anawasha swichi, na kuhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mara mbili, ikatulia kidogo, kisha mara moja: 21, sensa ya oksijeni.

Siku taa ya gari nililonalo sasa ilipowaka, gari lenyewe halikuwa na kasoro yoyote ninayoweza kuihisi. Halikuwa linamisi, halikuzidisha ulaji wa mafuta, wala halikukosa nguvu. Niliandika 03, amri ya kuomba misimbo, na katika jibu mkawa na 04 20. P0420: masega hayafanyi kazi kwa kiwango kinachotakiwa.

Gari linajuaje? Lina sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega na nyingine baada yake. Masega yenye afya hushika oksijeni inapozidi na kuiachia inapopungua, kwa hiyo sensa ya nyuma hutulia. Ikianza kuyumbayumba pamoja na mchanganyiko unaotoka kwenye injini, kompyuta huhitimisha kwamba gesi zinapita bila kuguswa. Angalia, hata hivyo, kilichopimwa hasa ni nini. Hakuna aliyeyaona masega. Kilichoonekana ni mwendo wa volti kwenye waya mmoja. Ekzosi inayovuja karibu na sensa inaweza kuleta picha hiyohiyo, na sensa iliyochoka pia.

Kati ya kilichopimwa na kilichoharibika kuna pengo, na pengo hilo ndilo kazi ya fundi. Anayesoma P0171, yaani mchanganyiko wenye petroli pungufu, na papo hapo akaagiza sensa ya oksijeni, amemwadhibu aliyeleta taarifa. Huenda mpira wa hewa umepasuka, huenda sensa ya kupima hewa imejaa vumbi, huenda pampu ya petroli imechoka. Msimbo mmoja una njia nyingi za kuufikia, na laptopu haikuchagulii njia. Inakupa mahali pa kuanzia kuuliza, na inakupa haki ya kuuliza mbele ya mtu anayejua kuliko wewe.

Nikaenda kwa fundi wangu, mtu wa makamo mwenye gereji isiyo na ukuta, nikiwa na laptopu mkononi. Alikagua ekzosi kwa mkono na kwa sikio, hakukuta pa kuvuja. Kisha akaligonga kopo la masega kwa ngumi, likalia kayamba. Vya ndani vilikuwa vimevunjika.

"Dada, hiyo P0420 haina neno," aliniambia. "Naikata hapa, natoa masega yote, nachomelea. Gari inakuwa nyepesi, na mafuta utaona mwenyewe."

"Na taa?"

"Taa tunaweka spesa kwenye sensa ya nyuma. Ukitaka kazi safi zaidi kuna kijana anaizima kwenye kontrol boksi kabisa, haiwaki tena."

"Na hewa je?"

"Hewa gani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Pale gereji kila swali ni la gari: nguvu zake, ulaji wake, mlio wake, bei yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika na laptopu kwa ajili ya kulinda fedha zangu. Hewa haikuwa na mwakilishi wake pale isipokuwa taa ndogo ya rangi ya chungwa, na sasa tulikuwa tunajadili namna ya kuizima.

Fundi ana hoja, na si haki kumpita nayo. Masega mapya ni ghali kwa sababu ya madini yaliyomo; ya mtumba hujui yamebakiza maisha kiasi gani. Zaidi ya hapo, ana historia. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipomaliza kuachana nayo, petroli yenye risasi ilikuwa bado inauzwa katika sehemu nyingi za bara hili, na risasi huyafunika madini ya masega na kuyaua. Gari lililokuja na masega katika miaka ya 1990 lilikuwa linabeba kitu ambacho petroli yetu ingekimaliza tu, kisha kikaanza kuziba ekzosi. Kuyatoa kulikuwa busara. Fundi aliyejifunza kazi zama hizo alijifunza vizuri. Mafuta ndiyo yaliyobadilika, ujuzi ukabaki ulivyokuwa. Hakuna aliyerudi gereji kumwambia kwamba sababu ya kukata imeondoka.

Tena kuna hoja ya haki. Los Angeles na Tokyo zilipunguza moshi wao kwa teknolojia, na pia kwa kuyaondoa barabarani magari yaliyozeeka. Mengine yalikatwa chuma chakavu, mengine yakaja kwetu. Kumwambia mtu wa Tandika anunue masega mapya ili akamilishe kazi iliyoanzishwa na bodi ya California kunahitaji ujasiri kidogo. Ila hewa inayozungumzwa sasa ni ya Tandika. Mapafu ya huku hayana kiwango chao tofauti.

Nirudi kwenye spesa. Ni kipande cha chuma kinachoisogeza sensa ya nyuma nje ya mkondo wa gesi ili isione vizuri kinachopita. Kuizima kwenye kontrol boksi ni kumwondoa shahidi kizimbani. Mbinu hizi si za uswahilini peke yake. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kuweka, katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani, programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo cha maabara na kulifanya liwe safi kwa muda huo. Barabarani lilirudi kutoa oksidi za nitrojeni kupita viwango kwa mbali. Walioanza kulifichua jambo hilo walikuwa watafiti wa West Virginia University waliobeba vipimo ndani ya magari hayo na kuyaendesha kwenye barabara za kawaida. Shahidi aliyefundishwa uongo kiwandani hawezi kukamatwa kwa kumhoji yeye mwenyewe. Ilibidi kuipima ekzosi.

Nilitaka kujua masega yangu yaliuawa na nini. Kinachoyavunja mara nyingi ni kumisi kulikoachwa bila kutibiwa: petroli isiyoungua kwenye silinda huenda kuungulia kwenye masega, na joto lake huyayeyusha. Ndiyo maana taa ya injini ikikonyeza badala ya kutulia, dereva anatakiwa apunguze mwendo palepale na kuitafuta silinda inayomisi. Kwenye gari langu hapakuwa na msimbo wowote wa kumisi. Nikaandika 0131, swali ambalo watu wengi hawajui kwamba lipo: gari limetembea kilomita ngapi tangu misimbo ilipofutwa mara ya mwisho? Jibu lilikaribiana sana na kilomita nilizotembea tangu nilipolinunua kwenye yadi.

Siwezi kumshtaki mtu kwa hilo. Kuchomoa betri nako huweza kufuta, na betri huchomolewa kwa sababu nyingi zisizo na ubaya. Lakini namba hiyo ilinifundisha kitu kuhusu waliobuni mfumo: walitujua. Walijua kwamba kufuta ni rahisi kuliko kutengeneza. Amri ya kufuta ni 04 tu, tarakimu mbili, na taa inazimika. Kwa hiyo waliifanya kompyuta ikumbuke kwamba imefutwa. Huhesabu kilomita tangu hapo, na huorodhesha majaribio yake ya ndani ambayo bado hayajakamilika, ili anayefuta asubuhi na kwenda kukaguliwa mchana aonekane. Kuanzia magari ya takriban mwaka 2010, California iliongeza misimbo ya kudumu isiyofutika kwa mashine. Gari lenyewe huiondoa baada ya kujiridhisha kwamba limepona. Anayenunua gari leo kwenye yadi yoyote anaweza kufanya kile ambacho sikukifanya mimi wala wengi wetu: aombe dakika tano, achomeke, aandike 0131. Gari linalodaiwa kuwa zima kwa miaka, huku misimbo yake ikiwa imefutwa jana, limeshajieleza.

Yote hayo, hata hivyo, ni maandalizi ya kesi inayosikilizwa kwingine. Katika majimbo mengi ya Marekani mkaguzi huchomeka waya na kusoma. Japani, yalikotoka mengi ya magari yetu, imeanza Oktoba 2024 kuisoma misimbo ya magari mapya zaidi kama sehemu ya ukaguzi wake wa lazima. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007. Nimesimamishwa na trafiki, nikaulizwa leseni na bima, yakatazamwa matairi na taa za mbele. Ile taa nyingine, ya kwenye dashibodi, hakuna aliyewahi kuiuliza.

Je, naombea siku ambayo askari atasimama kando ya Barabara ya Mandela na adapta mkononi? Naisitasitia. Namjua mwenye daladala atakayelipa kidogo dirishani na kuendelea na safari yake akitoa moshi uleule, na namjua mwenye gari kuukuu asiye na cha kulipa ambaye ndiye atakayelala bila gari. Ukaguzi usiokuwa na masega ya bei nafuu nyuma yake utawapa kazi zaidi vijana wa kuzima taa. Ukianza, ningependa uanzie mahali ambapo fedha bado iko mezani na hakuna mwenye haraka: bandarini na kwenye yadi, kabla gari halijapewa namba. Hapo masega yanayokosekana yanaweza kuhesabiwa katika bei, na muuzaji ndiye atakayelazimika kueleza yalikokwenda.

Kabla ya hapo, mahakama iliyopo ni ndogo. Ina mwenye gari, fundi, na mnunuzi wa kesho, na hakimu wake ni yeyote kati yao mwenye waya. Nilimwambia fundi asikate. Alinionya, na alikuwa sahihi, kwamba vipande vya ndani vikiziba njia gari litakosa nguvu, kwa hiyo nisikae sana. Nimeanza kudunduliza fedha ya masega mengine. Taa imebaki inawaka, na msimbo haujafutwa.

"Sasa dada, ikitokea unataka kuiuza kabla hujabadilisha?" aliniuliza.

"Nitampa mnunuzi laptopu asome mwenyewe."

"Atakukata bei."

Atanikata, ndiyo. Kiasi atakachokata kitakuwa kama bei ya masega, na mtu wa kuilipa bei hiyo ni mimi.